Safari ya Malta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mahekalu, Ngome, Miamba na Maisha ya Visiwani

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayefikiria kwenda Malta, awe anatokea Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu au Maskati, au awe tayari yuko Ulaya. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe halina mengi. Mengine tumeyarefusha, hasa yanayohusu mawe. Wageni wengi huja kwa ajili ya bahari, na bahari yenyewe ni nzuri kweli, lakini kilichoifanya Malta iwe Malta ni jiwe lake la chokaa, na namna watu walivyolichonga kwa zaidi ya miaka elfu tano.

Malta iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko katikati ya Bahari ya Mediterania, kilomita kama 90 kusini mwa Sicily, kisiwa cha Italia. Ukizidi kushuka kusini unafika Libya. Nchi nzima ina kilomita za mraba 316, kwa hiyo Unguja peke yake ni kama mara tano ya Malta. Visiwa vyenye watu wengi ni viwili: Malta yenyewe, na Gozo, ambayo wenyeji huiita Għawdex. Kati yao kuna Comino, kisiwa kidogo chenye wakazi wa kuhesabika. Katika eneo hilo dogo wanaishi watu zaidi ya nusu milioni, kwa hiyo usishangae kukuta foleni za magari na kreni za ujenzi. Picha za matangazo hazionyeshi hayo, na ni vizuri uyajue kabla hujalipa.

Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 21 Septemba 1964, ikawa jamhuri mwaka 1974, ikaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na inatumia euro tangu 2008.

Je, nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ya muda mfupi inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima. Utatakiwa kuonyesha bima ya safari isiyopungua euro 30,000, mahali utakapolala, tiketi ya kurudi na taarifa za benki. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki tatu za mwisho, maana nafasi za miadi huisha haraka kuliko watu wanavyodhani.

Wanaoishi Dubai au Maskati hutuuliza kama kibali cha ukaazi cha huko kinatosha. Hakitoshi, kwani kinachoangaliwa ni pasipoti. Lakini ukiwa na kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uholanzi, unaingia Malta kwa kibali hicho na pasipoti yako bila viza nyingine. Kibali cha Uingereza hakihesabiki hapo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, si kwenye sanduku.

Niende mwezi gani?

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, mawe hulihifadhi joto hilo hadi usiku, na kwenye mahekalu hakuna mti wa kujikinga. Desemba hadi Februari kuna mvua na upepo. Si baridi ya Ulaya ya kaskazini, lakini nyumba za mawe huwa na ubaridi na unyevu ndani, kwa hiyo beba sweta nzito. Machi na Aprili, kwa maoni yetu, ndipo kisiwa huwa kizuri zaidi: mashamba ni ya kijani na maua ya porini yamejaa kando ya njia. Kufikia Juni yote yameshakauka na nchi imegeuka rangi ya mchanga.

Siku ngapi zinatosha?

Udogo wa ramani huwadanganya watu. Wanasema kisiwa cha kilomita 27 kwa urefu kitamalizwa kwa siku mbili, kisha wanakimbizwa na basi la watalii kutoka kituo hadi kituo na kurudi nyumbani wakikumbuka maegesho tu. Chukua wiki moja. Lala usiku nne au tano Valletta au ng'ambo ya bandari katika mji wa Birgu, kisha lala usiku mbili Gozo. Sliema na St. Julian's zina hoteli nyingi na ni rahisi kufikika, ila ni majengo marefu na kelele. Anayetafuta historia hana sababu ya kulala huko.

Kwa nini kila mtu anasema nianze na mahekalu ya mawe?

Kwa sababu hutayaona kwingine popote. Kati ya mwaka 3600 na 2500 hivi kabla ya Kristo, wakulima wa visiwa hivi, watu wasiokuwa na chuma, wala shaba, wala maandishi, walijenga mahekalu ya mawe makubwa ambayo kuta zake zingali zimesimama. Piramidi kuu ya Giza ilipoanza kujengwa, Ġgantija ya Gozo ilikuwa tayari na umri wa karibu miaka elfu moja. UNESCO iliiweka Ġgantija katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980, na mahekalu mengine yakaongezwa mwaka 1992.

Ukuta wa nje wa Ġgantija unafikia mita sita, na baadhi ya mawe yake yanakadiriwa kuzidi tani 50. Wagozo walisimuliana kwamba lilijengwa na mwanamke jitu aliyebeba mawe kichwani na mtoto mkononi, huku akitafuna maharage. Wataalamu wanaelekeza kwenye mawe ya mviringo yaliyokutwa penye mahekalu, ambayo huenda yaliwekwa chini ya miamba ili iviringike. Ukifika, mwombe mlinzi akuonyeshe mahali pa kuyaona.

Kwenye kisiwa kikuu nenda Ħaġar Qim na Mnajdra, mahekalu mawili yaliyo juu ya miteremko ya kusini ikitazama bahari, umbali wa nusu kilomita kati yao. Hapo utaelewa habari ya jiwe la Malta. Kuna aina mbili: moja ni laini, ya rangi ya asali, inayochongeka kwa urahisi na kuliwa na chumvi na upepo, ya pili ni ngumu, ya kijivu, inayochosha patasi lakini inadumu. Ħaġar Qim ilijengwa kwa jiwe laini, kwa hiyo nyuso zake zimebanduka na kutoboka. Mnajdra ina ukuta wa nje wa jiwe gumu na vyumba vya ndani vya jiwe laini, na humo mapambo yamesalimika. Inama utazame mlango uliotobolewa ndani ya bamba moja la jiwe, uso wake wote umepigwa vitundu vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na ncha ya jiwe tu. Tangu mwaka 2009 mahekalu yote mawili yamefunikwa na mahema makubwa meupe. Wengine hulalamika kwamba yanaharibu picha. Bila mahema hayo, mvua na jua vingeendelea kuyamaliza.

Mnajdra ilielekezwa kwenye jua. Siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, jua likichomoza mwanga hupita sawasawa katikati ya mlango mkuu hadi ndani kabisa. Siku ndefu na siku fupi kuliko zote za mwaka, mwanga huo huangukia kingo za mawe ya pembeni. Asubuhi hizo nafasi za kuingia ni chache na huuzwa mapema.

Tarxien, karibu na Valletta, imezungukwa na nyumba za watu na haina mandhari ya bahari, lakini ndiyo yenye michoro mingi zaidi: mizunguko ya konokono, safu za mbuzi na nguruwe, na nusu ya chini ya sanamu kubwa ya mtu mnene aliyevaa sketi ya marinda. Katika madhabahu moja kulikutwa shimo lililozibwa kwa jiwe, na ndani yake kisu cha gumegume. Wakulima ndio waliogonga mawe hayo kwa majembe yao; mwanaakiolojia Themistocles Zammit akayachimbua kati ya 1915 na 1919. Sanamu halisi sasa ziko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Valletta, kwa hiyo pitia huko pia.

Hypogeum ni nini, na kwa nini tiketi hazipatikani?

Ni makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi huko Paola, yenye ngazi tatu, yaliyotumika kuanzia karibu mwaka 4000 hadi 2500 kabla ya Kristo. Yaligunduliwa mwaka 1902 na mafundi waliokuwa wakichimba matangi ya maji ya nyumba mpya. Inakadiriwa watu 7,000 walizikwa humo. Ndani, mwamba umechongwa ufanane na jengo la juu ya ardhi, nguzo na vizingiti vyote, na darini kuna mizunguko ya rangi nyekundu. Sanamu ndogo ya udongo ya mwanamke aliyelala kwa ubavu, mkono chini ya kichwa, ilitoka humo. Ipo kwenye makumbusho yale yale ya Valletta, na inaweza kukaa kiganjani.

Pumzi na joto la watu huharibu rangi hizo, kwa hiyo huingia watu kumi tu kwa saa. Weka nafasi mtandaoni miezi miwili au mitatu kabla, hata kabla ya kuchagua hoteli. Watoto chini ya miaka sita hawaingii, na kupiga picha hakuruhusiwi.

Valletta inachukua muda gani, na nisikose nini?

Siku mbili nzima. Mji wenyewe ni mdogo, unatembeka kwa miguu kutoka lango hadi ngome ya St. Elmo kwa dakika ishirini, ila unapanda na kushuka ngazi kila mahali. Anayesumbuliwa na magoti atumie lifti ya Barrakka inayotoka bandarini.

Kujua historia kidogo kutakusaidia kuona. Mwaka 1530 mfalme Charles wa Tano aliwapa visiwa hivi watawa askari wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa wamefukuzwa kisiwa cha Rhodes na Waosmani, watawala wa Uturuki. Kodi yao ilikuwa kozi mmoja kwa mwaka, ndege wa kuwindia. Mwaka 1565 Waosmani waliwafuata na kuwazingira kuanzia Mei hadi Septemba. Ngome ya St. Elmo iliangukia mikononi mwao tarehe 23 Juni baada ya mapigano ya mwezi mzima, lakini ile ya Birgu haikuanguka. Mwaka uliofuata mkuu wa shirika, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya kilima kitupu kati ya bandari mbili, na ndio huo Valletta. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari ili upepo wa bahari upite.

Kanisa la Mtakatifu Yohane, kwa nje, ni ukuta mzito usio na haiba. Ingia ndani. Sakafu yote ni makaburi ya wale watawa askari, mabamba kama 400 ya marumaru za rangi, mifupa na fuvu na ngao za koo, na kwa ajili ya hayo mabamba viatu vya visigino vyembamba vimekatazwa. Darini ni kazi ya mchoraji Mattia Preti. Katika chumba cha pembeni kuna mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitalia, wa mwaka 1608, kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, wenye upana wa zaidi ya mita tano. Sehemu kubwa ya turubai ni giza na ukuta wa gereza tu. Watu wamesongamana upande mmoja, na wafungwa wawili wanachungulia dirishani. Damu inayotoka shingoni imeandika jina la mchoraji, na huu ndio mchoro pekee aliowahi kuutia saini. Nenda saa ya kwanza baada ya kufunguliwa, ukae mbele yake bila haraka.

Bustani za Upper Barrakka zinatazama bandari kuu, na mizinga hupigwa hapo saa sita mchana na saa kumi jioni. Pasi ya Heritage Malta, shirika la serikali la urithi, inakuingiza katika maeneo mengi ya serikali, lakini haihusishi Hypogeum wala kanisa la Mtakatifu Yohane.

Nimesikia Malta ilikuwa soko la watumwa. Ni kweli?

Ni kweli, na waongozaji wengi hulipita haraka. Utumwa ulikwenda pande zote mbili za bahari. Mwaka 1551 makamanda wa Waosmani, Dragut na Sinan Pasha, walivamia Gozo na kuwachukua karibu watu wote, wapatao 5,000, kuwapeleka Libya. Nao watawa askari waliishi kwa uharamia. Merikebu zao zilipigwa makasia na watumwa, wengi wakiwa Waislamu wa Afrika Kaskazini na dola ya Osmani, na kati yao walikuwemo Waafrika weusi waliopitia njia za Sahara na Tripoli. Mwaka 1749 watumwa walipanga uasi; ulifichuliwa, na waliohusika wakateswa na kuuawa hadharani. Napoleon alipoiteka Malta mwaka 1798 aliufuta utumwa.

Ukiwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Yohane, tafuta kaburi la mkuu Nicolas Cotoner. Chini ya mzigo wa silaha na ngao wamechongwa watu wawili wamepiga magoti na kuinama, mmoja wa Asia na mwingine wa Afrika. Fundi aliichonga sura ya Mwafrika kwa uangalifu mkubwa, macho yakiangalia juu. Watalii wengi hupiga picha ya dhahabu iliyo juu na kuondoka. Msomaji aliyewahi kuzuru Mkunazini au Bagamoyo tunamwomba asimame hapo kidogo.

Je, hii ndiyo Malta ya Mtume Paulo?

Ndiyo, Biblia ya Kiswahili ya Union Version inakiita kisiwa hicho Melita, katika Matendo ya Mitume sura ya 28. Meli iliyomchukua Paulo kwenda Roma ilivunjika, wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, nyoka akamrukia mkononi, naye akamkung'utia motoni. Alikaa miezi mitatu, akamponya baba yake Publio. Sikukuu ya kuvunjika kwa merikebu ni tarehe 10 Februari, siku ya mapumziko kitaifa, na mitaa ya Valletta hujaa vipande vya karatasi na maandamano ya sanamu. Mahujaji huenda kwenye pango la Paulo mjini Rabat. Karibu yake kuna makaburi ya chini ya ardhi yanayoitwa kwa jina lake, ambamo Wakristo, Wayahudi na wapagani wote walizikwa.

Mdina inafaa?

Inafaa jioni. Ni mji mkuu wa zamani, wenye ukuta na wakazi wasiofika mia nne, na magari ya wageni hayaingii. Saa sita mchana vichochoro vyake hujaa vikundi vya watalii. Saa moja usiku unasikia nyayo zako mwenyewe.

Gozo ni lazima? Na lile tao la mwamba lililo kwenye picha bado lipo?

Halipo. Tao la Dwejra, lililojulikana kama Azure Window, lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba. Picha zake bado zinauza safari, kwa hiyo tunalisema wazi. Lakini nenda Dwejra hata hivyo: kuna ziwa dogo la maji ya bahari linalounganika na bahari kwa pango ndani ya mwamba, na wavuvi hukupitisha humo kwa mashua bahari ikitulia. Wapiga mbizi husema chini ya maji mawe ya lile tao yameshaota uhai mpya.

Huko Xwejni kuna mashimo ya chumvi yaliyochongwa ufukweni, mamia ya visanduku vya mraba ndani ya jiwe laini. Maji ya bahari hujazwa, jua hukausha, na kiangazi familia hufagia chumvi kwa ufagio na kuirundika. Nunua kwao pale pale. Usikanyage kingo za mashimo. Ni nyembamba na hubomoka.

Citadella, ngome ya juu ya mji wa Victoria, inakuonyesha kisiwa chote kwa mzunguko mmoja. Baada ya shambulio la 1551, Wagozo waliosalia na waliohamia waliamriwa kwa miaka mingi kulala ndani yake kila usiku.

Kivuko hutoka Ċirkewwa hadi Mġarr kwa dakika 25 hivi, na nauli hulipwa wakati wa kurudi. Kuna pia boti ya mwendo kasi kutoka Valletta. Anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo anaona mabasi ya watalii tu. Lala.

Na Blue Lagoon ya Comino?

Maji yake ni ya rangi ambayo hata picha haziitendei haki, na kiangazi watu wake ni wengi kupita kiasi. Tangu 2025 kuna utaratibu wa kuweka nafasi mtandaoni kabla ya kwenda. Ukienda Oktoba au Aprili utaifurahia. Ukiwa na watoto wanaotaka mchanga, Ramla ya Gozo, ufuko wa mchanga mwekundu, ni bora kwetu.

Mandhari ya nchi kavu ikoje? Kuna milima, mito, wanyama?

Hakuna milima wala mto unaotiririka mwaka mzima. Sehemu ya juu kuliko zote, karibu na majabali ya Dingli, ni mita 253 tu. Maji mengi ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni. Utakachoona ni mashamba madogo ya ngazi yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kuta hizo zinalindwa na sheria. Karibu na Dingli, mahali paitwapo Misraħ Għar il-Kbir, mwamba umechorwa mifereji miwili miwili sambamba kama njia za mikokoteni, ikikatana kila upande. Ni ya kale, na wataalamu bado wanabishana ilitumika vipi.

Wanyama wakubwa walikuwepo zamani sana. Pango la Għar Dalam lina mifupa ya tembo na viboko wafupi, waliodumaa kizazi baada ya kizazi kwa kuishi kisiwani kwenye malisho haba. Mtu aliyezoea kuona kiboko wa Rufiji au Ziwa Naivasha anasimama mbele ya makabati yale akiangalia meno, akikataa kuamini.

Nitakula nini? Chakula cha halali kinapatikana?

Asubuhi kula pastizzi, kikeki cha matabaka ya unga kilichojazwa jibini laini au njegere, kinachouzwa moto kwa bei ndogo kuliko chakula chochote kisiwani. Mchana, ftira, mkate wa duara uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni na kujazwa samaki wa jodari na zeituni. Sungura wa kupikwa taratibu na divai na vitunguu saumu ndicho chakula cha sherehe. Kuanzia mwishoni mwa Agosti wavuvi huleta lampuki, ambaye wavuvi wa kwetu humwita fulusi. Huvuliwa kwa kuelea maboya yenye kivuli ambako samaki hao hukusanyika. Kwa utamu, imqaret: keki za tende zilizokaangwa, na harufu yake utaipata langoni Valletta kabla hujaliona duka.

Msikiti mkuu uko Paola. Mikahawa ya Kituruki, Kiarabu na Kipakistani yenye nyama ya halali ipo ya kutosha Malta, michache Gozo. Uliza kuhusu divai na mafuta ya nguruwe katika vyakula vya wenyeji.

Marsaxlokk nayo?

Ni kijiji cha wavuvi chenye soko kubwa Jumapili. Mashua zao, luzzu, zimepakwa buluu, manjano na nyekundu, na kwenye omo kila moja ina macho mawili. Aliyekulia Lamu atayatambua, kwa kuwa majahazi ya huko nayo yamewekewa macho. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, kabla samaki hawajapungua na vitambaa vya plastiki havijaanza kutawala meza.

Festa ni nini?

Ni sikukuu ya mtakatifu wa parokia, na kiangazi karibu kila wiki kijiji fulani kinayo. Taa mitaani, bendi za matarumbeta zinazoshindana kwa wivu wa miaka mingi, sanamu ya mtakatifu iliyobebwa mabegani, na fataki ambazo wanakijiji huzitengeneza wenyewe mwaka mzima. Hakuna tiketi. Kubwa kuliko zote ni ya Bikira Maria, 15 Agosti, ambayo pia hukumbukwa kwa msafara wa meli uliofika bandarini Agosti 1942, watu wakiwa karibu kufa njaa kwa kuzingirwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mosta ina kumbukumbu yake ya vita hivyo: tarehe 9 Aprili 1942 bomu lilitoboa kuba la kanisa likaanguka ndani palipokuwa na watu kama 300, na halikulipuka.

Nitaelewana nao kwa lugha gani?

Kiingereza ni lugha rasmi na karibu kila mtu anakijua. Kimalta chenyewe kina mizizi ya Kiarabu, kwa hiyo sokoni utashtuka kusikia bei: sitta, għoxrin, ħamsin, mija, elf. Kwa vituo vya basi, kumbuka x husomwa sh, ġ husomwa j, na għ haitamkwi: Marsaxlokk ni "Marsashlok".

Usafiri wa ndani?

Mabasi yanafika karibu kila kijiji, na kituo kikuu kiko nje ya lango la Valletta. Tiketi ni kama euro 2.50 kiangazi na hutumika kwa saa mbili. Kiangazi hujaa na kupita bila kusimama, basi panda mwanzo wa njia. Wanaendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, na plagi za umeme ni zile zile za huko za pini tatu za mraba. Kati ya Valletta na Birgu panda kivuko. Ndiyo njia bora ya kuziona ngome, kutoka majini.

Mimi ni Mwafrika mweusi. Nitapokelewaje?

Swali hili huulizwa sana, na linastahili jibu la kweli. Mgeni kwa kawaida hupokelewa vizuri, na wafanyakazi kutoka Afrika na Asia wako kila mahali mahotelini na kwenye ujenzi. Lakini tangu mwaka 2002 Malta imepokea wahamiaji waliovuka kutoka Libya kwa mashua, wengi wao Wasomali na Waeritrea, na ubaguzi upo. Mwaka 2019 mfanyakazi mhamiaji kutoka Ivory Coast aliuawa kwa risasi barabarani huko Ħal Far, na maelfu waliumizwa na tukio hilo, Wamalta wakiwemo. Yanayowapata wageni zaidi ni kutazamwa sana, dereva wa basi mwenye ukali, au kukataliwa kwenye kumbi za usiku za Paceville. Tembea na nakala ya pasipoti yako. Gozo na vijijini watu huuliza unatoka wapi, na ukijibu kwa utulivu mara nyingi mazungumzo huwa marefu na mazuri.

Nina nusu siku kabla ya ndege. Niende wapi?

Għar Dalam. Iko Birżebbuġa, kilomita chache kutoka uwanja wa ndege. Saa moja na nusu inatosha kwa pango na makumbusho. Anza na chumba cha zamani chenye makabati ya kioo, meno ya viboko yamepangwa safu kwa safu kama ilivyokuwa tangu karne iliyopita, kisha shuka ngazi kuingia pangoni. Uliza kwanza kama wanaweza kukutunzia mizigo. Wakikataa, iache hotelini na uipitie kwa teksi.